Upepo wa Kusi Ulipotufuata Nyeri

Sisi wapwani twaujua upepo wa kusi. Bahari ichafukapo, kati ya Juni na Agosti, wavuvi huvipandisha vyombo ufuoni, mafundi wakavikalafati, na nahodha mwenye busara haendeshwi na haraka ya abiria.

Julai, mjini Nyeri, karibu mita 1,800 juu ya bahari, tuliukuta upepo uleule kwa sura nyingine. Unyevu wake hupanda nyanda za juu ukageuka ukungu na manyunyu; wenyeji huuita msimu huo gathano. Siku tatu hatukuliona jua, wala Mlima Kenya wenye mita 5,199, ijapokuwa mara nyingi vilele vyake huota jua juu ya mawingu hayo.

Ruhusa za kazi zilikuwa zikiisha. Vijana walitaka tuteremke kuelekea Karatina alfajiri, gizani. Bibi yetu, mjane wa nahodha, akasema, “Chombo hakivunjwi na kungoja.” Tukangoja, tukinywa chai ya tangawizi. Saa nne ukungu ukainuka, tukaondoka. Njiani tulilipita lori lililolala mtaroni.

Tulipoteza mshahara wa siku moja. Watu saba tulifika Mombasa salama, alhamdulillahi.