Jina la Yohana na Jina la Babu

Wazee wetu hapa Igowole hutuuliza sisi walimu: "Mbona wajukuu wetu mwawaita kwa majina ya Kizungu? Babu atakumbukwa na nani?" Swali hili ni zito, wala hatulidharau.

Lakini Yohana ni jina la Kiebrania. Maana yake, Mungu amefadhili. Wayunani walilipokea wakalitamka Ioannes. Vladimir, mtawala wa Kiev, alipobatizwa yapata mwaka 988, jina hilo likaenea kwa Warusi, na vinywa vyao vikaligeuza kuwa Ivan. Wakulima waliitwa Ivan, na wafalme pia. Ivan wa Nne alitawazwa mwaka 1547.

Je, Warusi waliwasahau baba zao? La! Ivan mwana wa Pyotr huitwa Ivan Petrovich, na jina la baba humfuata hata kaburini. Tena Vladimir mwenyewe alibatizwa Vasily, lakini hata leo hujulikana kwa jina lake la kwanza.

Hata jamaa za Zakaria walishangaa, kwa maana ukoo wao haukuwa na Yohana. Basi, wazazi, mwiteni mtoto Yohana, na jina la babu yake liandikwe pamoja nalo. Nyumba moja yatosha majina mawili.