Jina Lililosafishwa

Orodha ilitoka kwa printa ya saiba ikiwa na MÅ©thoni juu kabisa. Cũcũ akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu tena, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Ni yeye. Programu ya hesabu za chama chao niliiandika mimi kwa Pascal, lugha niliyofunzwa shule ya upili na ambayo bado naipenda, cheka tu. Kwa laptopu yangu ya Linux majina yote yalikuwa sawa. Kwa Windows ya saiba yakawa matope.

Usiku huo nikasaka kosa. Stringi ya Pascal ya zamani huamini kwamba baiti moja ni herufi moja. Lakini katika UTF-8, ũ ni baiti mbili: C5 na A9. Uliza Length urefu wa Mũthoni, itakuambia 8, ilhali herufi ni 7. Windows ya saiba nayo ilisoma kwa jedwali la 1252, ambamo C5 ni Å na A9 ni ©. Baiti ni zilezile, zimesomwa vingine.

Si rahisi basi? Asubuhi nikarudi saiba, nikaigeuza faili yote iwe ya 1252. Orodha ikatoka safi: Muthoni, Wanjiku, Wairimu. Nikainakili juu ya ile ya laptopu ili zilingane, nikaenda zangu kama bingwa.

Cũcũ hakufurahi. "Umeniandika kama kipande."

Jedwali la 1252 halina ũ wala ĩ. Windows haikulalamika, ilichukua herufi inayofanana, ikaendelea na kazi. Gĩkũyũ kina irabu saba, na u na ũ ni sauti mbili tofauti. MÅ©thoni ilikuwa inachukiza macho, lakini baiti zake zote zilikuwepo, na mistari michache ya Pascal ingelirudisha jina. Muthoni ilikuwa nadhifu, na hakuna programu ingeweza kujua ni u gani iliyokuwa na kiwimbi.

Nikaanza upya. UTF-8 kuanzia kwa faili hadi kwa printa, UTF8Length mahali pa Length. Hiyo ilichukua saa mbili. Majina ndiyo yaliyochukua wikendi nzima. Wanachama 31, mimi na Cũcũ jikoni, yeye akitaja, mimi nikiandika. Asipokuwa na uhakika alikataa kubahatisha: "Huyo mpigie umuulize mwenyewe." Nikapiga.

Mwisho tukafika sehemu ya warithi. Kwa Mũthoni, mrithi ni mimi. Nikaandika jina langu haraka, bila viwimbi, jinsi nimeliandika tangu darasa la kwanza.

Cũcũ akaweka kidole kwa skrini.

"Na wewe?"