Kupoa na Kupona

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mgeni wa lugha huyachanganya, na wenyewe pia, wakishikwa na haraka, huyachanganya: kupoa na kupona. Maumivu hupoa, mtu hupona. Kijana mmoja wa Wete, winga wa kushoto wa timu ya mtaa, ilimchukua takriban miaka miwili kutoka kwenye neno la kwanza hadi la pili.

Aliumia alasiri ya kawaida kabisa. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na kiwanja alichochezea kilikuwa na mteremko ambao kila mchezaji wa mtaani aliujua kwa moyo. Aliruka kupiga kichwa, akashukia ukingo wa unyayo wa kushoto, unyayo ukapindukia ndani. Kifundo kilikuwa kimeshavimba kabla hajatolewa nje.

Upande wa nje wa kifundo mna kano tatu zifungazo mfupa kwa mfupa. Ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo aghalabu ndiyo huchanika mtu ateguakapo namna hiyo. Nyuma ya fundo la nje hupita kano nyingine, za misuli ya ubavu wa muundi, ambazo huuvuta unyayo usipinduke. Zile za kwanza zikilegea, hizi za pili hubebeshwa kazi isiyo yao, zikachoka, zikauma kila asubuhi.

Nyumbani hapakukosekana dawa. Bibi yake alimkanda kwa mafuta ya karafuu, ya Kiwanda cha Makonyo kule Wawi, na asidhani mtu kwamba huo ulikuwa ujinga wa kizee: mafuta hayo yana eujenoli, kitu ambacho madaktari wa meno wamekitumia miaka mingi kutuliza maumivu. Marafiki walileta barafu kutoka kwa wauza samaki. Barafu nayo ina kisa chake. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani, ndiye aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua mguu. Zaidi ya miaka 30 baadaye akaandika mwenyewe kwamba barafu na mapumziko kamili huweza kuchelewesha kupona. Dawa zote mbili zilifanya kazi yake barabara. Zilipoza.

Wiki ya tatu hakuwa akichechemea tena. Wiki ya tano alirudi uwanjani, na kipindi cha pili mguu ukapinduka bila ya kuguswa na mtu. Akapumzika, akarudi, ukapinduka. Hatimaye hata mpira haukuhitajika: aliteguka akishuka njia ya shamba, pakacha la karafuu begani. Wenzake wakamwambia ajikaze. Watu wa pwani hii na bara yake wanampenda mwenye kujikaza, na si bila sababu; John Stephen Akhwari alipoingia uwanjani Mexico City mwaka 1968, wa mwisho katika marathoni, goti limefungwa bendeji, alistahili kila kofi alilopigiwa. Lakini Akhwari alikuwa na mbio moja za kumaliza. Kijana huyu alikuwa na msimu mzima mbele yake, na shamba, na ngazi.

Jambo moja hakumwambia mtu. Katika kikao cha tahiyatu, mguu wa kushoto hulazwa, mtu akaukalia. Yeye hakuweza. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiuponyoza pembeni na kukaa upande, akidhani safu nzima imeinamisha macho. Mzee mmoja aliyezoea kusali ubavuni mwake alimngoja mlangoni. "Mwanangu," alimwambia, "mguu huo haujapona. Unakudanganya."

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwomba asimame kwa mguu ule mmoja na kufumba macho. Hakufika sekunde tano. Akaelezwa jambo ambalo Michael Freeman na wenzake, Uingereza, walilieleza tangu mwaka 1965: kano si kamba tu. Ndani yake mna neva zinazoupasha ubongo habari, unyayo umelala vipi, umeelemea wapi. Kano ikichanika, habari hukatika, na mguu hukanyaga kama kipofu hata baada ya uvimbe kwisha. Wapenzi wa tungo wana neno lao hapa, mizani. Kilichompotea kijana ni hiyo, na ndiyo maana mwendo wake ulikuwa guni ijapokuwa haukuwa na maumivu.

Upo upasuaji wa kushona kano hizo, alioueleza Lennart Broström wa Sweden mwaka 1966. Yeye hakuufikia. Alipewa mazoezi: kuinuka kwa vidole, kuvuta kwa ubavu wa unyayo mpira wa ndani wa baiskeli uliofungwa kwenye mguu wa kitanda, na kusimama kwa mguu mmoja, kila siku, kwa miezi. Ni kazi ya kuchosha isiyo na mashabiki.

Zoezi la mwisho ndilo lililompata nyumbani kwake. Tangu aumie alikuwa akitia udhu ameketi kwenye kibao. Sasa akasimama. Akiosha mguu wa kulia hadi kifundoni, husimama kwa wa kushoto, na hiyo ni mara tano kwa siku. Mwanzoni alishika ukuta kwa kiganja, baadaye kwa kidole kimoja. Mwezi wa saba ukuta ulikuwa mbali naye hatua mbili.

Aliporudi kiwanjani, nafasi ya winga ilikuwa na mwenyewe, kijana mdogo mwenye mbio kuliko yeye. Akapewa beki ya kushoto. Ilimuuma, na maumivu hayo hayana mafuta.

Bibi yake, asiyefuata mambo ya mpira, alimwuliza usiku ule kama amtilie karafuu kidogo, mguu upoe.

"La, bibi," alimjibu. "Leo nimekaa tahiyatu."