Ukienda Mombasa, Usivuke Daraja Upesi

Msomaji wangu, hebu nikuulize swali. Je, umewahi kwenda Mombasa? Najua wengi wenu mtajibu kwamba mmekwenda, tena si mara moja. Lakini mkiulizwa mlichokiona huko, mtataja bahari, mchanga mweupe na ngamia wa kupandwa na watoto. Msione haya. Hata mimi, mtoto wa mwanamke aliyezaliwa na kulelewa Kibokoni, nilikuwa hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila likizo ya Desemba niliwapakia wanangu garini, tukaingia kisiwani, tukavuka Daraja la Nyali bila hata kushuka, tukaenda kujilaza ufuoni.

Marehemu mama hakuchoka kuniuliza, "Umewapitisha nyumbani?" Nami nilikuwa na jibu lile lile: "Safari ijayo, Mama."

Safari hiyo haikufika. Mama aliaga dunia, na siku ya arobaini yake, binti yangu aliye Gredi ya Saba akaniuliza mbele ya watu, "Baba, nyanya alizaliwa katika nyumba gani?" Nikabaki kimya. Nilijua mtaa, lakini nyumba yenyewe sikuijua. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nina deni.

Basi likizo ya Agosti tukafunga safari. Tulipanda gari moshi la reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Ukiondoka Nairobi asubuhi, mchana uko Miritini. Fahamu tu kwamba Miritini haiko kisiwani. Itakubidi utafute usafiri mwingine kufika mjini.

Kesho yake tulianzia Fort Jesus, au Ngomeni, kama waitavyo wenyeji. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na usisahau kitambulisho, kwa maana kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni. Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, takriban miaka mitatu, ndipo wakaitwaa. Wanangu walisimama kwa muda mrefu mbele ya vyombo vilivyotolewa katika jahazi la kivita la Wareno, Santo António de Tanná, lililozama papo hapo mbele ya ngome mwaka wa 1697.

Waingereza waliigeuza ngome hiyo kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na mwaka wa 1960 ikafunguliwa kama makumbusho. Mwaka wa 2011 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Binti yangu aliandika tarehe zote hizo katika daftari lake. Mimi nilikuwa nikiwaza: ngome ya wageni ina tarehe zake zote, nyumba ya mamangu haina hata moja.

Kutoka Ngomeni, ingia Ndia Kuu kwa miguu. Gari halina faida humo, vichochoro vyenyewe ni vyembamba. Vaa mavazi ya heshima, na ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe kwanza ruhusa. Tazama juu uone roshani za mbao. Tazama mbele uone milango ya nakshi. Nyumba za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikibebwa na boriti za mikoko. Kuta ni nene, ndiyo maana ndani mna ubaridi hata nje kukiwa na joto la kukausha koo. Mbele ya nyumba nyingi pana barza za kukaa na kuzungumza.

Utafika Msikiti wa Mandhry, uliojengwa karibu mwaka wa 1570 na ungali unaswaliwa. Mji wenyewe ni mkongwe zaidi ya hapo. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alipita Mombasa mwaka wa 1331, akaandika habari za ndizi na ndimu zake, na za watu wake wacha Mungu waliokuwa wakiosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka wa 1498, mji ulikuwa umekwisha kufanya biashara na Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi.

Sasa nikaanza kuitafuta nyumba. Mama alikuwa amenielezea mlango wenye nakshi za maua na barza ambayo babu alichezea bao. Tulizunguka Kibokoni saa nzima. Watoto walichoka, tukawanunulia mabuyu, bado hatukuona kitu. Mwishoni nikamwendea mwanamke mzee aliyekuwa akikaanga viazi karai kando ya njia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwatafuta nyumba ya nani?"

Nikamtajia jina la babu. Hakunitazama mimi. Alimtazama binti yangu kwa muda, kisha akaweka chini upawa wake.

"Huyu ana macho ya mamako," akasema. "Mimi na mamako tumesoma chuo kimoja."

Akamwachia mjukuu wake karai, akatuongoza hadi mbele ya jengo la ghorofa nne, la saruji, lenye mageti ya chuma. "Ni hapa," akasema. Nikamuuliza mlango uko wapi. "Mlango uliuzwa kabla ya nyumba kubomolewa. Mirathi, mwanangu. Wenyewe walikuwa wengi, kila mmoja ataka fungu lake."

Msomaji wangu, nilitamani ardhi inimeze. Nilikumbuka siku ambayo mama alinipigia simu kunieleza kwamba ndugu zake wanataka kuiuza nyumba, na kuniuliza, "Wewe wasemaje?" Nilikuwa mbioni kwenda kazini. Nikamjibu, "Uzeni tu, Mama, si imezeeka?" Hakubisha. Lakini tangu siku ile hakuacha kupaita pale nyumbani, nami sikujali.

Bibi yule aliona nilivyonyong'onyea. Akamshika binti yangu mkono, akamketisha kwenye barza ya jirani, akaanza kumsimulia: nani alikaa nyumba ipi, mama yake mama alivyopika mikate ya mofa, watoto walivyotumwa bandari ya zamani kununua samaki majahazi yalipoingia. Binti yangu akafungua daftari lile lile la tarehe za Ngomeni, akajaza kurasa nne.

Siku ya tatu ndipo tulipovuka Daraja la Nyali, lakini bado hatukwenda kuogelea. Tulisimama Kengeleni, panapoitwa hivyo kwa sababu ya kengele ya Freretown, makao yaliyoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Tukapita Bamburi, kwenye Haller Park, ambako mwaka wa 1971 René Haller alianza kupanda mivinje katika machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji. Jangwa lile likawa msitu. Ni hapo ndipo kiboko mchanga Owen, aliyenusurika tsunami ya 2004, alipofanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee.

Mwisho tulifika Jumba la Mtwana, yapata kilomita kumi na tano kaskazini mwa kisiwa. Ni magofu ya mji wa karne ya 14 uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Nyumba zipo chini ya mibuyu, visima vipo, msikiti upo ukiitazama bahari. Binti yangu akauliza, "Waliokaa hapa walikuwa wakiitwa nani?" Nikamwambia kwamba hakuna ajuaye, hata jina la kwanza la mji huu limepotea. Akalikumbatia daftari lake kifuani.

Basi, mpenzi msomaji, ukienda Mombasa, usivuke daraja upesi. Ufuo hautahama. Tenga siku moja ya Ngomeni na Mji wa Kale, kunywa kahawa chungu, kaa barzani, amkia wazee. Na kama wewe asili yako si Mombasa, bila shaka kuna mahali mzazi wako anapopaita nyumbani. Mwulize leo ni nyumba ipi, na uende naye akuonyeshe angali na miguu ya kutembea. Mimi niliyasikia ya mamangu kwa kinywa cha muuza viazi. Nilibahatika, kwa sababu hata huyo ningechelewa kidogo nisingemkuta.