Chemchemi ya Shangazi

Ndugu msomaji, wengi wetu tukitajiwa hifadhi ya mazingira hufikiri habari za mabwana misitu, mabango na faini. Nami nilikuwa katika hao, mpaka chemchemi ya kwetu Bugene iliponifundisha vingine. Kisa chenyewe ni aibu yangu. Nakisimulia ili aliye katika njia ile ile ageuke mapema.

Chini ya kibanja cha babu palikuwa na bonde dogo la mikindu na mafunjo, na katikati yake chemchemi. Shangazi yangu alirudi kwao baada ya kufiwa na mumewe, akapewa kijumba kando ya bonde hilo. Kazi yake ilikuwa kusuka, na mikeka yake ilitafutwa hadi Kayanga na Omurushaka. Utotoni nilifuatana naye kukata ukindu. Alitwaa chipukizi moja katika kila mkindu, akahamia mwingine, wala hakuurudia ule wa kwanza mpaka uchipue tena. Nilipomharakisha alisema, "Mwanangu, nikiumaliza leo, kesho nitasuka nini?" Hakuna mtaalamu aliyemfundisha maneno hayo, ufundi wake ndio uliomfundisha.

Baba alipofariki mwaka 1986 nilikabidhiwa kibanja chote. Kwa mila yetu, mwanamke alikuwa mpita njia katika ardhi ya ukoo: alime, ale, lakini asiuze wala asirithishe. Na sisi ni Waislamu! Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Nisaa, imemwekea mwanamke fungu lake waziwazi. Ijumaa tulisimama safu moja msikitini. Siku ya mirathi tukakiweka Kitabu rafuni, tukaifuata mila iliyotunufaisha. Fungu la shangazi katika mali ya babu lilikuwa mikononi mwangu, nami nikaliita langu.

Mwaka uliofuata nilihitaji fedha. Nikang'oa mikindu, nikafyeka mafunjo, nikapanda mikaratusi bondeni, kwa kuwa nguzo zake zilikuwa na soko. Shangazi alikuja akasimama ukingoni, akaniambia kwamba maji yatakimbia. Nilimpa jibu ambalo hata leo linanichoma: "Shangazi, shamba hili si lako." Alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Hakulisema tena jambo lile.

Mkaratusi ni mti wenye kiu. Ukipandwa bondeni huyanywa maji kiangazi na masika. Haikutimia miaka kumi, chemchemi ikawa tope kila kiangazi. Wanawake na watoto wa majirani wakawa wanakwenda mbali na ndoo vichwani. Mimi sikuchota maji, kwa hiyo nilichelewa hata kuyaona madhara ya mkono wangu. Shangazi naye aliacha kusuka, maana ukindu haukuwapo tena.

Nimelitafakari jambo hili miaka mingi, na nimeliona hivi: mwenye jicho hakuwa na haki, na mwenye haki hakuwa na jicho. Maji yalipotea kati ya wawili hao.

Jicho hilo hutoka katika sanaa, ambayo wengi huidhania kuwa pambo tu. Tazama nanga ya mkoa wetu wa Kagera, aliyoipiga marehemu Habibu Selemani, mwimbaji mashuhuri aliyefariki mwaka 1993. Huchongwa katika gogo moja. Basi mchongaji wake hawezi kuutazama mti kama kuni tu. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, mafundi wa nguo za magome huuvua mti wa mutuba gome lake, kisha wakaufunga kwa majani ya migomba kama mtu afungavyo jeraha. Gome huota tena, na mti huendelea kutoa nguo miaka mingi. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ufundi huo kuwa hazina ya wanadamu wote. Fundi wa namna hii hahitaji askari wa kumlinda asiue mti.

Lakini jicho pasipo haki halizuii shoka. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya Bi. Holaria Pastory wa mkoa huu huu, aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake. Jaji alisema kwamba mwanamke anayo haki hiyo sawa na mwanamume. Habari ilipofika kwetu nilinyamaza, nikitumaini kwamba shangazi hakuisikia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza kuharibu ndani ya mita 60 za kingo za maji. Na mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa hifadhi za taifa, yenye askari wake. Hayo yote ni mema. Ila chemchemi iliyo nyuma ya nyumba haina askari. Mlinzi wake ni yule anayeihitaji kila siku, akiwa na haki ya kusema "hapana" na kusikilizwa. Mtume (S.A.W.) alikwisha tufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, mimi nilimnyang'anya mshirika wangu sauti.

Shangazi alifariki mwaka 2001. Miaka minane baadaye niliing'oa mikaratusi, nikamwita binti yake, nikamkabidhi fungu la mama yake mbele ya sheikh na wazee wa kijiji, kwa maandishi. Tukapanda mikindu pamoja. Maji yamerudi, ingawa si kama zamani, majirani wanachota.

Siku moja nilimwuliza kama atasuka. Akauangalia ukindu, akasema, "Mama alitaka kunifundisha, lakini wakati ule hapakuwa na ukindu."

Ndugu msomaji, ardhi niliweza kuirudisha kwa karatasi na mashahidi. Ule ufundi sina pa kuutoa. Mwenyezi Mungu anisamehe, na akujaalie wewe uitoe haki ya mtu angali hai. Amin.