Kaseti 43 na seva ya chini ya meza

Wengi mmekuwa mkiniuliza hiyo seva yangu ya nyumbani inafanya kazi gani hasa, maana kila tukikutana naitaja kama mtu aliyenunua gari. Leo nieleze yote, pamoja na ule ubishi wa Siku ya Kiswahili.

Mashine yenyewe si ya kuringia. Ni laptopu ya mtumba, ThinkPad niliyoinunua Luthuli Avenue, skrini imepasuka pembeni na ndiyo maana bei ilishuka. Imelala chini ya meza ya televisheni. Nilichagua laptopu badala ya kompyuta ya mezani kwa sababu moja tu: betri. Stima zikipotea mtaani kwetu (na hupotea kweli kweli) yenyewe haina habari. Inakula kama wati 20, yaani karibu nusu yuniti kwa siku, yuniti 14 au 15 kwa mwezi. Ndani nimeweka Debian, diski ya nje ya terabaiti 2, na Jellyfin.

Kwa wasioijua, Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018. Kulikuwa na programu iitwayo Emby, wenyewe wakaamua kuufunga msimbo wake, basi baadhi ya watu wakachukua toleo la mwisho lililokuwa wazi wakaendelea nalo. Kabla yake nilikuwa natumia Kodi (hapana, si ya nyumba!), ambayo ilianza 2002 kama programu ya kuchezea video kwenye Xbox. Kodi ni tamu ukiwa na televisheni moja. Kwetu kila mtu ana simu yake na anataka kuanza filamu sebuleni aimalizie kitandani, na hapo Jellyfin inashinda bila kutoa jasho.

Lakini filamu ni kisingizio. Seva niliijenga kwa ajili ya kaseti.

Nyanya, mamake baba, alikuwa na redio kaseti pale Majengo, Mombasa, na alikuwa na mkono mwepesi wa kubonyeza kitufe chekundu. Alirekodi harusi, hadithi za jioni, na zaidi ya yote barua. Ami alikuwa akifanya kazi Dubai, simu ilikuwa ghali, kwa hiyo familia nzima ilikuwa ikikaa mkekani, kila mtu anasema lake, kaseti inapewa msafiri. Ami aliporudi kabisa alirudi nazo. Nyanya ametangulia mbele ya haki, na boksi la viatu lenye kaseti 43 likanifikia mimi Nairobi kwa treni, likiwa limepakatwa mapajani njia nzima.

Kuziingiza kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato. Kaseti ya dakika 90 inataka dakika 90. Unachomeka waya kutoka kwenye deki hadi kwenye laptopu, unafungua Audacity, unasubiri. Jambo moja ambalo ningependa kila mtu alijue: karibu na kichwa cha kusomea utepe kuna skrubu ndogo sana. Kaseti iliyorekodiwa kwenye redio nyingine kichwa chake kilikaa pembe tofauti kidogo, ndiyo maana kwako inasikika kama mtu anaongea chini ya blanketi. Izungushe skrubu taratibu huku ukisikiliza herufi "s". Zikianza kukata vizuri, acha hapo hapo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, sauti ya nyanya ilitoka wazi mno hadi nikasimamisha kazi kwa dakika kadhaa.

Ukubwa si tatizo. Saa moja ya sauti isiyobanwa, chaneli moja, ni kama megabaiti 317. Ukiigeuza kuwa FLAC inashuka karibu nusu bila kupoteza chochote. Diski hata haijashtuka.

Tatizo ni kutafuta. Utajuaje ni kaseti gani babu anaeleza jinsi walivyopata kiwanja? Hapo ndipo mradi wangu wa wikendi ulipoanzia. Nilichukua Whisper, ile programu ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa wazi Septemba 2022, kwa toleo la Georgi Gerganov, whisper.cpp, ambalo linakubali kwenda hata kwenye mashine isiyo na kadi ya michoro. Kaseti moja inachukua usiku mzima. Maandishi yanaingia SQLite, yenye uwezo wake wa kutafuta maneno, na mimi nimeandika mistari kama mia tatu ya Python ya kuunganisha mambo.

Kwa sauti ya mtangazaji wa habari inajitahidi. Kwa nyanya... ngoja nicheke kwanza. Au niteke, maana ndivyo asemavyo yeye. Kimvita cheka ni teka, chinja ni tinda, njoo ni ndoo, macho ni mato. Programu pengine inaandika sawasawa alichosema, pengine inakisia neno la Kiswahili sanifu lisilohusiana kabisa. Nilifikiria kuandika kanuni ya kubadilisha maneno yote yawe sanifu, lakini nyanya huyo huyo anateka maji kwa ndoo! Ukibadilisha, anacheka maji kwa njoo. Kwa hiyo maandishi nayaacha yalivyo, na kinachopanuka ni swali: ukitafuta "cheka", programu inatafuta "teka" pia, halafu wewe mwenyewe unasikiliza na kuamua. Ndoo za maji zimejaa kwenye majibu, lakini babu na kiwanja chake nimewapata. Kaseti ya 17, upande wa pili.

Lahaja hii haikuachwa nje kwa bahati mbaya. Mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika 1928, na ulifanyika Mombasa penyewe.

Sasa ule ubishi. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kikundi chetu cha Python kilikutana kusoma sentensi za Common Voice, ule mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti. Watu kama ishirini, chai na mandazi, kila mtu kwenye kona anaisomea simu yake. Nilipoonyesha kaseti, kijana mmoja wa chuo akauliza: kwa nini usizitoe zote ziwe data huria? Tunalalamika kila mwaka kwamba mashine hazijui Kiswahili chetu, na wewe umekalia saa nyingi za Kimvita safi.

Swali zuri, na nusu ya chumba ilikuwa upande wake. Mimi ni mtu wa programu huria tangu chuo. Lakini msimbo wangu niliuandika mimi. Kwenye kaseti kuna mwanamke anamwambia mumewe aliye mbali mambo ya ndani kabisa, akijua atasikia yeye tu. Common Voice huchapisha kwa leseni ya CC0: kikishatoka hakirudi, na hapo msomaji amejitolea mwenyewe. Hawa hakuna aliyewauliza.

Jioni nilimpigia shangazi, maana sauti nyingi ni za rika lake. Nikamwamkia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, hizo si nyimbo za redio. Hizo ni barua."

Halafu akasema nimpelekee azisikilize, ataniambia. Nimemfungulia akaunti ya Jellyfin, anasikiliza kwa simu kila baada ya isha. Kufikia sasa amekubali tatu, zote za hadithi za sungura na fisi. Mbili amesema zifutwe. Sijazifuta, nimezitoa kwenye seva na kuziweka kwenye diski anayoishika yeye, naye ameridhia.

Yule kijana bado anaona nambana. Tumekubaliana tuanze na kilicho chetu: msimbo wa kutafuta nimeuachilia wazi, na mwezi ujao tunaandika sentensi za Kimvita za kusomwa na watu walio hai na waliokubali. Zimebaki kaseti 11, na mpira wa deki yangu umeanza kuteleza. Aliye na deki nzima Nairobi, hata ya kuazima wiki mbili, tafadhali anistue.