Jua la Machakos na Funga ya Mzee Wetu



Katika mwezi wa Shaabani tulipanda basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Machakos, kupeleka posa ya kijana wetu. Njia hiyo si ngeni kwa watu wa pwani, kwani misafara ya Wakamba ilileta pembe za ndovu Mombasa tangu zama za babu zetu, na mji wenyewe umechukua jina la mzee wao, Masaku. Tulifika kabla ya jua kuchomoza. Baridi ikatupokea, nasi tukashukuru kwamba tumelikimbia joto la kaskazi.

Ilikuwa Alhamisi, na mzee wetu, ambaye amepita miaka 70, alifunga funga ya Sunna. Daku yake ilikuwa tende na maji kidogo ndani ya basi. Kabla ya Adhuhuri wenyeji walitutembeza shambani, kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko yaliyowapa Wakamba sifa. Tulipomuuliza mzee hali yake alijibu, "Huku pana hewa nzuri, hata jasho silioni."

Neno hilo lilipaswa kututisha. Machakos iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Jua lake ni kali, hewa ni kavu, na jasho hukauka kabla halijaonekana. Mwili hupoteza maji kimyakimya, na mtu wa pwani, aliyezoea kulipima joto kwa kanzu iliyolowa, hudanganyika.

Baada ya Swala mzee alishindwa kuinuka. Alituita kwa jina la nduguye aliyekwisha kufariki. Bibi mwenyeji hakungoja shauri la mtu. Aliamuru alazwe chini ya mwembe, akamvua kofia, akalowesha leso, akamfuta shingo na makwapa, huku vijana wakimpepea. Fahamu zilipomrudia, bibi alimletea kikombe cha maji. Mzee hakukipokea, bali alitutazama akingoja kauli yetu.

Hapa, ndugu zetu, tunakiri kosa. Tulinyamaza. Tulijua tangu madrasa kwamba mwenye funga ya Sunna ana hiari ya kufungua, na kwamba hata katika faradhi, anayehofia madhara ana ruhusa. Lakini tuliona haya kuwa sisi ndio tutakaomfungulisha mzee mcha Mungu. Bibi yule akasema, "Shehe, mwambie anywe." Ndipo tukamwambia. Baadaye alipelekwa hospitali, akatundikiwa maji, na alhamdulillahi alirejea nyumbani salama.

Tuliporudi na kuvuka Mariakani, hewa nzito ya bahari ilitukumbatia tena. Hapa kwetu hatari ina sura nyingine. Jasho hutiririka, lakini hewa imejaa unyevu, basi halikauki. Na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Hata usiku, katika chumba cha bati kisicho na dirisha, mwili haupati mapumziko.

Basi tusingoje kiu. Tunywe maji mara kwa mara, kazi nzito tuzifanye asubuhi au jioni, watoto tusiwaache ndani ya gari lililofungwa, na wazee wanaoishi peke yao tuwapigie hodi mchana. Kichwa kikiuma, kizunguzungu kikija, au mkojo ukiwa mweusi kama chai, mtu apumzike kivulini na anywe. Akianza kupayuka au kuzimia, asinyweshwe kitu. Apoozwe kwa maji mwilini na akimbizwe hospitali.

Sheria yetu inalijua joto. Mtume (s.a.w.) alielekeza Swala ya Adhuhuri icheleweshwe joto linapokuwa kali, mpaka lipungue. Ikiwa Swala yenyewe imepewa nafasi hiyo, vipi sisi tuone haya kumpa mzee maji? Ramadhani ikiangukia kaskazi, wenye sukari, wenye presha na wajawazito wamwone daktari mapema, kisha waje kwetu. Nasi walimu tuitamke ruhusa kwa sauti, kwani wapo wanaotutazama wakingoja, na kimya chetu nacho wanakichukua kuwa ni fatwa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu. Amin.